Jioni Tulipovutwa Kutoka Nambilanje

Mama mwenzangu, swali lako nalijua kabla hujaliuliza. Mama wa watoto na giaboksi ya gari, wapi na wapi? Nami ningeuliza hivyo hivyo, kama isingekuwa jioni moja ya Juni 2022, ambapo kikundi chetu cha akina mama kilipoteza kwa muda wa saa mbili fedha tulizozikusanya kwa misimu miwili ya korosho. Hatukuibiwa, wala gari halikupinduka. Tulisaidiwa tu, na aliyetusaidia aliondoka huku tukimshukuru na kumwombea baraka.

Lakini kwanza nikupitishe njia yenyewe, maana Nambilanje si mahali panapotajwa sana magazetini.

Sisi tunakaa Nachingwea, mji uliokua kwa ajili ya karanga. Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaleta mashine za kila namna, yakiwamo matrekta ya Shervick ambayo hapo mwanzo yalikuwa vifaru vya vita. Visiki na udongo wa Tanganyika vilizivunja mashine nyingi, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli waliyoijenga kutoka pwani hadi kwetu nayo iling'olewa baada ya Uhuru. Tangu hapo sisi wa huku ni watu wa barabara, na barabara zetu nyingi ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua.

Kutoka Nachingwea unakwenda Ruangwa mjini, na kutoka hapo unashika njia ya kaskazini kuelekea upande wa mto Mbwemkuru. Zamani huko kote kulikuwa Nachingwea. Wilaya ya Ruangwa ilizaliwa mwaka 1995, na mama mkwe wangu mpaka leo huisema Nambilanje kuwa ni "kwetu Nachingwea", umrekebishe usimrekebishe. Hata chama kikuu cha ushirika kinachouza korosho na ufuta wetu kinaitwa RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kama ndugu watatu waliogawana nyumba lakini bado wanakula pamoja.

Ukisafiri mwezi wa Juni utafurahi. Ufuta umekwisha kukatwa, na mafungu yake yamesimamishwa mashambani yakikauka, utadhani watu wamekaa kikao. Mikorosho ina kivuli kizito. Watoto husimama kando ya njia na mabeseni ya ming'oko iliyochemshwa, na ukinunua, unapewa na chumvi ya pilipili kwenye kipande cha karatasi. Baada ya hapo vijiji vinaachana, msitu wa miombo unaanza, na unaweza kwenda mwendo mrefu bila kukutana na gari. Hilo la mwisho ndilo nililopaswa kulitia akilini.

Gari letu

Kikundi chetu kina akina mama kumi na wanne, wote wa kanisa moja. Kila mmoja aliweka sehemu ya fedha za korosho, wengine kwa ruhusa ya waume zao na wengine (nisiseme uongo) baada ya majadiliano ya wiki kadhaa. Tulinunua Toyota Noah ya zamani, ile ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Gia zake ni otomatiki. Ilibeba abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa, na faida yake ililipa ada za shule za watoto wasiopungua ishirini.

Siku hiyo tulikuwa sita, pamoja na dereva wetu, kijana mwenye adabu ambaye ni mtoto wa mmoja wa wanakikundi. Tulikuwa tumekwenda Nambilanje kumpongeza mwenzetu aliyejifungua. Tulipeleka sabuni, sukari, khanga na unga wa uji wa lishe. Tukala wali kwa kuku na kisamvu, tukamwimbia mtoto, tukaagana saa kumi jioni. Tulikuwa tumechelewa kidogo, kama ilivyo kawaida yetu akina mama tukikutana.

Hatukufika mbali. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya kiti cha dereva, kijana akasimamisha gari na kuzima injini. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka. Vijana wa kijiji cha karibu wakaja kwa wingi, wakasukuma gari ili liwake, wakaimba na kutoka jasho. Baadaye tulijua kwamba walijisumbua bure. Gari la gia za mkono unaweza kulisukuma likawaka. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata wangekuja vijana wa wilaya nzima.

Jua likawa linazama. Ndipo ikaja lori iliyobeba magunia. Dereva wake, mtu mzima na mkarimu, akashuka na kutusalimu. "Shikamooni mama zangu. Nawavuta mpaka Ruangwa, kamba ninayo." Kijana wetu akasita kidogo, akasema, "Mama, sijui kama hii inafaa kuvutwa." Nami, niliyekuwa mkubwa wao wote siku ile, nikamjibu: "Mwanangu, giza linaingia. Mwache atuvute." Maneno hayo ni yangu, na sijawahi kumsingizia mtu mwingine.

Kijana akaweka gia kwenye herufi N, kama wanavyosema madereva, akaweka fri. Lori ikaondoka. Mwanzoni ilikwenda polepole, halafu barabara iliponyooka ikaongeza mwendo, nasi tukafurahi. Tuliona kila kilomita ni faida. Karibu na Ruangwa nilisikia harufu kama ya nguo inayounguzwa na pasi, nikadhani ni moshi wa lori.

Alichotuonyesha fundi

Kesho yake mpira mpya wa rejeta ulifungwa kwa fedha ndogo tu, na injini ikawaka vizuri. Kijana akaweka D. Injini ikanguruma, gari likabaki pale pale. Akaweka R. Halikwenda.

Fundi wetu ni mzee wa siku nyingi. Alifungua boliti ya chini ya giaboksi, akakinga oili kwenye karai, akatuita tutazame. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa nzima ni nyekundu kama maji ya rosela. Hii ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na ndani yake mlikuwa na chembe zinazong'aa kama vumbi wanalolitafuta wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Ruangwa. Akatuuliza, "Nani aliwaambia mlivute hivi?" Nikanyamaza.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna pampu inayosukuma oili kila mahali, kulainisha vyuma na kuvipoza. Pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo inalala. Sasa gari likivutwa, magurudumu ya nyuma yanazunguka, yanaizungusha propela shafti, nayo inavizungusha vyuma vya ndani ya giaboksi. Kuweka N hakuvizuii. Vyuma vinazunguka kwa kasi ya barabara bila oili, kama kukaanga maandazi kwenye karai kavu. Ukienda hatua chache hakuna neno. Ukienda mwendo mrefu kwa kasi ya lori, umekwisha.

Nikamwuliza mbona zamani magari yalivutwa kila siku hapa kwetu na hayakufa. Akacheka. Zamani, alisema, zilikuwa Land Rover na Bedford, gia za mkono. Gia za mkono huvumilia zaidi, ingawa nazo kwa safari ndefu zataka uangalifu. Magari ya otomatiki yaliyotumika Japani yamekuja kwa wingi baadaye, lakini desturi yetu ya kuvutana imebaki ile ile. Jambo hilo nimelifikiri sana. Dereva wa lori alitutendea wema aliofundishwa na baba yake, na kwa gari la baba yake ungekuwa wema kweli.

Fundi akaongeza neno lililoniuma kuliko yote. Mpira ule wa rejeta ulikuwa umepasuka mwishoni, karibu na kishikizo chake. Tungesubiri injini ipoe, tukate ile ncha iliyopasuka kwa kisu, tuuvute na kuubana tena, na kama hautoshi tuuzungushie utepe wa tyubu ya baiskeli kwa nguvu. Halafu tungejaza maji taratibu. (Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe wakati wa moto, najua mama aliyeunguzwa uso.) Tungekwenda polepole tukiongeza maji, na tungefika Ruangwa saa tatu usiku kwa injini yetu wenyewe.

Giaboksi iliyotumika ililetwa kutoka Dar es Salaam. Pamoja na nauli ya mzigo na ufundi, tulilipa shilingi milioni moja na laki nne. Mama mmoja alijitoa kikundini. Mwingine hakunisalimia kanisani kwa miezi mitatu, na mumewe alisema mbele za watu kwamba wanawake wasipewe gari. Baba watoto wangu hakusema kitu. Aliuza mbuzi wawili akaniletea fedha, akasema, "Peleka kwa wenzako." Hilo lilinitoa machozi kuliko matusi.

Tuliyojifunza

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wa yule mzee, nami sioni aibu kuyaandika haya, maana wengi wetu sasa tunapanda na hata kumiliki magari, na saa ya kuharibikiwa njiani mara nyingi mwanamume hayupo.

Jambo la kwanza ni kujua gari lako linasukumwa na magurudumu gani. Noah za zamani kama yetu husukumwa na ya nyuma. Gari la namna hiyo likiwa la otomatiki, livutwe magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa, au propela shafti iwe imefunguliwa. Magari madogo mengi ya siku hizi, na Noah zilizotoka Japani kuanzia mwaka 2001, mengi yake husukumwa na magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo ya kuinuliwa. Linalosukumwa na yote manne daima, kama RAV4 nyingi, lisiguse chini hata gurudumu moja. Huku kwetu gari la bredauni ni adimu, lakini watu wana akili: lori hurudishwa nyuma mpaka kwenye tuta la udongo lililo sawa na bodi yake, mbao zinatandikwa, gari linasukumwa juu na kufungwa kamba. Nimeona likifanyika, na ni salama kuliko kuburuzwa.

Vitabu vya magari vingi huruhusu kuvuta kwa magurudumu yote chini pale tu ambapo hakuna njia nyingine, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, au 50 kwa baadhi ya magari, na kwa masafa mafupi. Kitabu cha gari lako ndicho kiamuzi. Kama kimeandikwa Kijapani, mtafute fundi anayeijua aina hiyo kabla hujaharibikiwa.

Gari linalovuta nalo lina giaboksi, na watu hulisahau. Kama ni la otomatiki, zima kitufe cha O/D, tumia gia ya chini, ondoka taratibu mpaka kamba ikaze ndipo uongeze mafuta. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, weka N, iache injini ingurume polepole ili oili izunguke na kupoa. Na tope je? Tope la kwetu la mfinyanzi ndilo muuaji mkubwa. Dereva aliyekwama huchezesha gia, D, R, D, R, huku magurudumu yanazunguka hewani, na dakika chache tu zinatosha kuichemsha oili. Afadhali kushuka, kuchimba, kutandika matawi na kujaribu mara moja kwa utulivu.

Maji pia ni hatari. Giaboksi ina kitundu cha kupumulia, na ukivuka kijito kilichojaa, maji huweza kuingia humo. Oili ikigeuka rangi ya maziwa ya waridi, gari lisiwashwe tena mpaka imwagwe yote. Mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, fundi wetu alisema atapata kazi kwa mwaka mzima. Alisema kwa huzuni, lakini alisema.

Msiba wa Februari

Tulirudi Nambilanje Februari 2024, safari hii kwa msiba. Mama mkwe wa yule mwenzetu alikuwa amefariki. Mvua zilikuwa zimeshika, majani yamefunika vijia, na ufuta wa msimu mpya ulikuwa ndiyo kwanza unachipua. Ndani ya gari mlikuwa na mchele, mafuta ya kupikia na sufuria mbili kubwa za kikundi, maana msibani walikuwa wanatungoja tupike.

Gari likazimika katikati ya msitu. Safari hii lilikuwa jambo la umeme, na hakuna tulichoweza kufanya hapo. Tukakata matawi tukayaweka barabarani mbele na nyuma ya gari, mbali ya kutosha, na tukakaa kando, hakuna aliyebaki ndani. Baada ya saa nzima ikaja pikapu ya Land Cruiser ya gia za mkono. Dereva akachomoa kamba kabla hata ya kusalimia vizuri.

"Kaka yangu, asante sana," nikamwambia. "Ila kwanza tunafungua propela shafti."

Akatutazama wanawake watano wenye khanga za msiba. "Mama, mtachelewa kuzika."

Mwenzangu mmoja, yule yule aliyeacha kunisalimia miezi mitatu, akawa tayari ameshavuta boksi la spana kutoka chini ya kiti. Kijana wetu akaweka mawe kwenye magurudumu yote. Hili usilisahau: ile herufi P huzuia gari kwa kuifunga giaboksi, kwa hiyo propela shafti ikishafunguliwa, P haishiki chochote na gari linaweza kuserereka likamponda aliye chini yake. Akaingia chini, akatia alama kwa msumari mahali vipande viwili vinapokutana ili virudi vilivyokuwa, akafungua boliti nne za upande wa nyuma, akaifunga shafti juu kwa kamba isiburuze. Hakuichomoa upande wa giaboksi, kwa sababu hapo oili ingemwagika. Boliti nikazifunga kwenye pindo la khanga yangu. Kazi yote ilichukua nusu saa.

Katikati ya kamba ya kuvutia tukafunga kitambaa chekundu ili mpita njia aione. Ufunguo uliachwa umewashwa kiasi cha kufungua usukani. Ukiuchomoa, usukani hujifunga kwenye kona. Kijana alionywa kwamba breki zitakuwa nzito na usukani mgumu kwa sababu injini haifanyi kazi. Walipatana na dereva wa pikapu: honi moja punguza, honi mbili simama. Sisi wengine tukapanda nyuma ya pikapu na sufuria zetu, na tukaenda mwendo wa baiskeli.

Tulifika wakati watu wanarudi kutoka makaburini. Hatukuwahi kuzika, na jambo hilo lilitusikitisha. Mfiwa alitukumbatia akalia, nasi tukalia naye. Kisha tukawasha moto. Usiku ule tulipikia watu zaidi ya mia, huku fundi wa pikipiki wa pale kijijini akihangaika na nyaya za Noah kwa mwanga wa tochi. Alfajiri injini iliwaka. Nilifungua pindo la khanga nikampa kijana boliti zake nne, akazikaza kwa kufuata ile alama ya msumari, akaondoa mawe, akaweka D. Gari likasogea.

Yule dereva wa pikapu alilala hapo hapo msibani. Kabla ya kuondoka aliniuliza aina ya spana tuliyotumia, nikamwonyesha. Ilikuwa namba kumi na nne.